Maana ya Oktani, na Kinachotokea Gari la Kasi Linapowekewa Petroli ya Kiwango cha Chini

Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo na joto bila kujiwasha yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi. Namba 91, 93, 95 au 98 inayoonekana kwenye pampu haielezi usafi wa petroli, haielezi wingi wa nishati iliyomo ndani ya lita moja, wala haisemi gari litakwenda kilomita ngapi. Wengi huamini kwamba petroli ya namba kubwa ni kali zaidi na huwaka upesi zaidi, ilhali sifa yake ni uvumilivu: hukubali kubanwa sana na kupashwa joto sana huku ikisubiri kuwashwa kwa wakati wake. Kwa sababu hiyo, gari dogo la kawaida lililotengenezwa kutumia oktani 91 halipati nguvu ya ziada likijazwa 98, na mwenye gari hilo hutumia fedha zake bure.

Ndani ya silinda, pistoni hupanda ikibana mchanganyiko wa hewa na petroli, na muda mfupi kabla haijafika juu kabisa plagi hutoa cheche. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa kwa mpangilio kuelekea kwenye kuta za silinda, shinikizo hupanda kwa ulaini, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu inayoliendesha gari. Yote haya hutokea upesi mno: injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huipa pistoni sehemu tano tu kati ya elfu moja za sekunde kutoka chini hadi juu. Wakati moto unasambaa, sehemu ya mchanganyiko ambayo bado haijaguswa, yaani ile iliyo mbali na plagi, huzidi kubanwa na kupata joto. Petroli yenye oktani ya kutosha huvumilia hadi moto uifikie. Isiyotosha hulipuka yenyewe kwa mkupuo mmoja, na mawimbi ya shinikizo hugonga kuta za silinda na kichwa cha pistoni. Mafundi husema injini inagonga, na dereva aliye ndani ya gari husikia mlio mkavu kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, hasa anapokanyaga mafuta akipanda mlima katika gia kubwa.

Namba zenyewe zilipatikana Marekani katika miaka ya 1920, wakati watengenezaji wa magari walipokuwa wakihangaika na tatizo hilohilo la kugonga. Mkemia Graham Edgar alipendekeza mizani yenye ncha mbili: heptani, ambayo hujiwasha kwa urahisi mkubwa, ikapewa 0, na aina moja ya oktani, kemikali iliyokipa kipimo hiki jina, ambayo hustahimili sana, ikapewa 100. Petroli ya 95, basi, ni ile inayogonga sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za oktani hiyo na sehemu 5 za heptani, ingawa yenyewe inaweza kuwa na kemikali nyingine kabisa. Upimaji hufanywa kwa injini maalumu ya silinda moja ambayo mgandamizo wake unaweza kuongezwa au kupunguzwa huku ikifanya kazi. Kipimo kiitwacho RON hufanywa injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, na kile kiitwacho MON hufanywa kwa mizunguko 900 na kwa mchanganyiko uliopashwa joto zaidi, ndiyo maana MON ya petroli ileile huwa ndogo kuliko RON yake. Afrika Mashariki, Ulaya na Japani hutumia RON. Marekani hubandika kwenye pampu wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo 91 ya Marekani inakaribia 95 au 96 ya huku kwetu. Mtu aliyezoea pampu za huko, au anayesoma kitabu cha gari lililotengenezwa kwa soko la huko, asilisahau hilo, kwa kuwa anaweza kudhani anajaza sawa kumbe amepungukiwa.

Gari la kasi huhitaji oktani kubwa kwa sababu nguvu yake hutokana na kubana. Lisilo na turbo, yaani feni ya kusukumia injini hewa, hubana kwa uwiano mkubwa wa mgandamizo (mara ngapi mchanganyiko hubanwa kuliko ujazo wake wa mwanzo), na lenye turbo husukumiwa hewa nyingi ndani ya silinda kabla pistoni haijaanza kupanda. Mfano ulio karibu nasi ni Subaru Impreza WRX STI ya Japani yenye injini ya lita 2.0, gari linalopendwa sana Kenya na ambalo wengi hulinunua likiwa limetumika. Uwiano wake wa mgandamizo ni mdogo, takriban 8 kwa 1, lakini turbo huongeza shinikizo la hewa kwa zaidi ya bar 1 juu ya lile la kawaida, na hapo ndipo mahitaji ya oktani yanapopanda. Kanuni za Japani zinataka petroli ya kawaida iwe na oktani isiyopungua 89 na ile ya daraja la juu isiyopungua 96, na kwa kweli inayouzwa pampuni kwa daraja hilo la juu hukaribia 100. Wahandisi walipanga kompyuta ya injini ya gari hilo kwa kutegemea petroli ya daraja la juu. Likishushwa melini Mombasa, linakutana na petroli ya super ambayo kiwango chake ni 93. Vituo vichache vya mijini huuza iliyo bora zaidi, na huko barabarani mara nyingi haipatikani.

Kwa hiyo kosa hili lina sura mbili. Moja ni la siku moja: mhudumu wa pampu anashika bomba lisilo lake, au dereva aliyeazima gari hajui linanywa nini. Jingine ni la kudumu, pale mwenye gari anapoendelea kujaza super ya kawaida mwaka baada ya mwaka kwa sababu hakuna aliyemweleza, kwani kibandiko kilicho nyuma ya kifuniko cha mdomo wa tangi kimeandikwa Kijapani. Naona ni wajibu wa anayeuza gari la namna hii kumweleza mnunuzi jambo hilo kabla ya kupokea fedha, na inasikitisha kwamba mara nyingi halitajwi kabisa.

Tukianza na kosa la siku moja, gari lililo zima na ambalo halijachezewa haliharibiki kwa tangi moja la petroli duni likiendeshwa kwa utulivu. Kwenye bloku ya injini kumefungwa sensa inayosikiliza mtetemo wa kugonga. Ikiusikia, kompyuta huchelewesha cheche kwa nyuzi chache za mzunguko wa injini, na katika magari mengi ya turbo hupunguza pia shinikizo la hewa. Dereva huhisi gari limekuwa zito, halivuti kama jana, na hunywa mafuta zaidi, kwa kuwa cheche iliyochelewa huacha sehemu ya joto iishie kwenye ekzosi badala ya kusukuma pistoni. Hata baada ya kujaza petroli nzuri, kompyuta haiamini mara moja. Hurudisha taimingi, yaani wakati wa kawaida wa cheche, kidogokidogo, kwa hiyo nguvu inaweza kuchukua safari kadhaa kurejea, na asiyejua hilo hukimbilia gereji kubadilishiwa plagi zisizo na kosa.

Ulinzi huo una mipaka. Sensa hugundua kugonga baada ya kugonga kuanza, na iwapo dereva amekanyaga mafuta hadi chini kabisa kwenye joto kali, mapigo ya kwanza tayari yamekwisha kuumiza. Magari ya zamani yasiyo na sensa hayana ulinzi huo kabisa. Kugonga kwa muda mrefu hula kichwa cha pistoni na kukiachia vishimo, hupasua kuta nyembamba zilizo kati ya mifereji ya ringi, hutesa beringi, na huweza kuunguza gasketi ya silinda hedi. Injini za Subaru za turbo zinajulikana kwa kuvunjika hizo kuta za ringi, na dalili yake ni moshi wa buluu, oili inayopungua bila kuvuja, na silinda moja iliyopoteza mgandamizo. Gharama yake ni kufungua injini nzima.

Aliyejaza kimakosa hana haja ya kumwaga tangi, isipokuwa gari lake limeongezewa nguvu na mafundi au kitabu chake kimesema wazi kwamba oktani fulani ni lazima, si pendekezo tu. Aendeshe bila kulazimisha, asivute trela wala mzigo mzito, asiruhusu turbo ifike shinikizo lake la juu. Kuendesha taratibu hakumaanishi kubaki kwenye gia kubwa kwa mizunguko michache, kosa ambalo wengi hulifanya wakidhani wanaipumzisha injini. Mizunguko inapokuwa michache na mzigo ukawa mkubwa, mchanganyiko ule wa mbali na plagi hupata muda mrefu zaidi wa kujiwasha. Ni afadhali kushuka gia moja na kukanyaga kidogo. Mlio wa kugonga ukisikika, aondoe mguu papo hapo, na usipokoma, gari lisimamishwe na livutwe.

Tangi likipungua, aongeze petroli ya oktani kubwa, kwa sababu oktani za petroli mbili zikichanganywa hukaribia wastani wa viwango vyake. Katika tangi la lita 60, lita 20 za 93 zilizobaki zikiongezewa lita 40 za 98 hutoa kiasi cha 96. Dawa za chupa za kuongeza oktani zisomwe kwa makini, maana baadhi ya watengenezaji huhesabu pointi kwa sehemu ya kumi, na pointi 5 walizoahidi huwa nusu ya oktani. Haya yote yahusu petroli kwa petroli. Aliyewekewa dizeli katika gari la petroli asiwashe kabisa, kwani hilo ni tatizo la namna nyingine na tiba yake ni kutoa mafuta yote.

Mahali nako kuna uzito wake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa kiasi cha moja ya tano kuliko Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo, hubana kidogo, na huweza kuridhika na oktani ndogo. Hii ndiyo sababu katika majimbo ya milimani ya Marekani huuzwa petroli ya namba 85 kwa hesabu yao. Turbo hubadilisha mambo, kwa kuwa mara nyingi kompyuta huizungusha kwa kasi zaidi ili kufidia hewa iliyopungua, na hewa hiyo huingia ikiwa na joto zaidi. Gari lililovumilia super ya 93 jijini linaweza kuanza kugonga siku linapoteremka pwani, kwenye hewa nzito na joto la mchana, likiwa na abiria wanne na mizigo.

Yapo pia makosa yasiyo ya dereva wala ya mhudumu. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana, na petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huweza kushuka chini ya kiwango kinachotangazwa bila mnunuzi kuona tofauti kwa macho. Tanzania ilianzisha mpango wa kuweka vinasaba, yaani kemikali maalumu za utambulisho, katika mafuta mwaka 2010 ili uchakachuaji ugundulike, na Kenya mwaka 2018 ilianza kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuyachanganya iondoke. Gari la kasi likianza kugonga mara tu baada ya kujazwa petroli iliyo sahihi kwa namba, mwenyewe ahifadhi risiti na sampuli ndogo katika chombo safi, kisha alalamike kwa mamlaka husika.

Kwa anayeishi mahali ambapo oktani 98 haipatikani, dawa ya kudumu ni kupeleka gari kwa fundi mwenye vifaa vya kusoma na kupanga upya kompyuta ya injini kwa petroli inayouzwa hapo. Fundi atapunguza shinikizo la turbo, atachelewesha cheche kwa nyuzi kadhaa, kisha atalijaribu gari huku akisikiliza bloku kwa kifaa chake, akitumia petroli ileile ambayo mwenye gari hujaza kila siku na si ile nzuri iliyonunuliwa kwa ajili ya siku ya majaribio. Sehemu ya nguvu iliyosifiwa kwenye karatasi za kiwanda itapotea. Akikamilisha kazi, abandike nyuma ya kifuniko cha tangi namba mpya ya RON, kwa maandishi ambayo kila mhudumu wa pampu anaweza kuyasoma.