Matanga ya merikebu za modeli: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba tanga la kitambaa halisi ndilo litakaloonekana halisi. Mambo ni kinyume. Chukua modeli ya kipimo cha 1:96, yaani ndogo mara 96 kuliko merikebu yenyewe. Kitambaa cha pamba chenye unene wa robo milimita, ambacho ukikishika unakiona chepesi, kwenye merikebu yenyewe kingekuwa na unene wa milimita 24. Mabaharia wasingeweza kulikunja turubai la namna hiyo. Cherehani nayo huzidisha: hatua ya mshono ya milimita 2 inakuwa sentimita 19. Anayetazama hapigi hesabu, ila anaona papo hapo kwamba ni leso iliyoanikwa mlingotini.

Karatasi nyembamba yenye nyuzi ndefu, ile ya kufunikia mabawa ya ndege za modeli, inafaa zaidi. Iwambe kwenye fremu, ipake pande zote mbili rangi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji, iache ikauke kabisa, ndipo uchore mishono kwa penseli ngumu. Matanga ya zamani yaliungwa kwa mapande marefu yenye upana wa sentimita 60 hivi, basi hapa mistari iachane kwa milimita 6 na kidogo.

Halafu dasi, ile kamba ya ukingoni. Wengi huibandika popote. Kwenye matanga ya mraba ilishonwa upande wa nyuma, hata baharia aliye juu gizani aweze kutambua kwa kupapasa upande upi ni upi; kwenye matanga ya pembe tatu ilikuwa upande wa kushoto. Kwangu mimi, hapa ndipo kazi nzuri inapotofautiana na kazi nzuri sana.

Kuhusu rangi, weupe wa karatasi ya kuandikia si sahihi, na kahawia iliyokolea pia si sahihi. Kitani kilikuwa na rangi ya krimu inayoelekea kijivu, na jua lilikipausha. Pamba ilikuwa nyeupe zaidi. Ushauri wa kuchovya tanga kwenye chai uachwe: chai huacha madoa, na asidi yake hula nyuzi polepole.

Wapo wanaodhani kadiri tanga linavyotuna ndivyo chombo kinavyokwenda mbio. Mwaka 1851 America, skuna (chombo cha milingoti miwili) ya Wamarekani, ilizishinda mashua za Waingereza katika mashindano ya kuzunguka kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, na matanga yake ya pamba yalikuwa bapa kuliko yao ya kitani yaliyolegea. Tunisha kwa kiasi. Tena angalia bendera: upepo unaojaza matanga kutoka nyuma huipeperusha kuelekea mbele.

Na tanga lililokunjwa si tanga zima lililoviringishwa; hilo hutoa bonge nene juu ya foromali, ile boriti ya mlalo inayobeba tanga. Tengeneza tanga lenye theluthi moja tu ya kimo, ukiuacha upana wa juu vilevile, kwa kuwa ukingo huo ndio unaofungwa.