Entropioni: ukope wa mbwa unapokunjika kwa ndani

Mbwa akifumbafumba jicho moja na machozi yakamlowesha manyoya ya shavuni, wengi wetu husema ameingiwa na vumbi. Anafutwa tongotongo kwa maji ya uvuguvugu, na kesho yake yamerudi. Mpeleke penye mwanga umtazame vizuri. Ikiwa ukingo wa ukope wa chini hauonekani, umezama ndani, na manyoya yake yamelala juu ya mboni, hiyo ndiyo entropioni.

Kila anapopepesa, manyoya hayo yanakwangua konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Konea ina mishipa mingi ya fahamu, kwa hiyo mbwa huyu anaumia sana hata kama halii. Siku zikipita konea huchubuka, hufanya kidonda na kuacha kovu la ukungu. Kidonda kikichimbika zaidi, jicho linaweza kutoboka.

Mara nyingi ni umbile la kurithi. Mbwa wa aina ya Shar-Pei na Chow Chow, wenye ngozi ya kujikunja usoni, hupata sana, na hata Rottweiler na Labrador wamo. Ndiyo maana mbwa aliyepasuliwa kwa tatizo hili hafai kuzalishwa: uso umerekebishwa, lakini watoto wanaweza kurithi kilekile.

Lakini kuna ukope unaokunjika kwa sababu ya maumivu tu. Jicho lenye kidonda hukazwa mno na misuli, ukope unaingia ndani, na manyoya yanazidisha kidonda kilekile. Daktari wa mifugo huzitenganisha hali hizi kwa matone ya ganzi. Anadondoshea, anasubiri kidogo, anatazama tena: ukope ukirudi mahali pake, kilichokuwa kikiuvuta ni maumivu, na kinachotibiwa kwanza ni kidonda. Hatua hii isirukwe. Upasuaji wa entropioni hukata ngozi ya ukope, na ikikatwa kupita kiasi kwa sababu ya mkunjo wa maumivu tu, ukope hubinuka nje, hali iitwayo ektropioni, na jicho hubaki wazi likikauka. Kidonda chenyewe hutafutwa kwa rangi ya fluoresini, ambayo hung'aa kijani mahali konea ilipochubuka.

Kabla ya kipimo hicho, tafadhali usimtie matone yaliyobaki kabatini. Yakiwa na steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, huchelewesha kidonda kupona na yanaweza kukiharibu kabisa.

Watoto wa mbwa hawaharakishwi kupasuliwa, maana uso bado unakua. Shar-Pei wa wiki 2 au 3 hushonwa nyuzi za muda zinazovuta ukope nje, na wapo ambao baada ya hapo hawahitaji tena upasuaji. Mbwa aliyekwisha kukua hupewa nusu kaputi, kisha daktari hukata kipande chembamba cha ngozi chenye umbo la mwezi mchanga, kando kabisa ya ukingo wa ukope. Ni milimita chache tu. Anaposhona, ukope unavutika nje na manyoya yanaachana na jicho.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Siku zote hizo mbwa avae kola ya plastiki shingoni, hata wakati wa kulala, hata akikutazama kwa huzuni. Ukucha mmoja ukipita hapo, mshono wote unafumuka.