Kikuku bandia kitadumu miaka mingapi?

Karibu kila mgonjwa wa otosklerosisi huniuliza: "Daktari, nikishapasuliwa, kusikia huku kutadumu?" Kutadumu kwa wengi, ila lazima tuelewane ni kipi kinachodumu.

Ugonjwa huu hukigandisha kikuku, kimfupa cha sikioni kilicho kidogo kuliko vyote mwilini, kikashindwa kutikisika na kupeleka sauti kwenye sikio la ndani. Hapa Mwanza si ugonjwa wa kila siku. Wengi wenye uziwi unaofanana na huu masikio yao yaliwahi kutoa usaha.

Kikuku bandia cha kwanza kiliwekwa na daktari John Shea nchini Marekani mwaka 1956. Siku hizi tunatoboa kitundu kisichofika milimita 1 kwenye kitako cha kikuku, kisha tunapachika pistoni ndogo, ndiyo kikuku bandia, inayoshikizwa kwenye fuawe, kimfupa kilicho jirani na kikuku. Akipasua mzoefu, wagonjwa 9 hivi kati ya 10 hubaki na pengo lisilozidi desibeli 10 kati ya sauti wanayoisikia kupitia hewani na ile inayopitia mfupa wa kichwa moja kwa moja hadi sikio la ndani; pengo hilo huonyesha sauti inayopotea njiani. Mmoja hivi kati ya 100 anaweza kupoteza kabisa usikivu wa sikio hilo. Hili nalisema kabla mtu hajatia saini.

Miaka 10 au 20 ikipita, kwa wengi pengo hubaki limezibika. Kinachopungua ni nguvu ya sikio la ndani, kwa umri na wakati mwingine kwa ugonjwa wenyewe, na sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Mama anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba atahisi pistoni imeharibika, kumbe iko salama. Huyo anahitaji shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, wala hajapasuliwa bure: bila upasuaji ule, angehitaji shimesikio lenye nguvu zaidi.

Pengo likifunguka upya, hapo nashuku pistoni imechomoka au fuawe imelika. Tunaweza kurudia, lakini matokeo ya marudio huwa hafifu kuliko ya mara ya kwanza, na hatari huongezeka. Uziwi wa ghafla wenye kizunguzungu haungoji kliniki ya wiki ijayo. Njoo siku hiyo hiyo.

Najua nauli ya kivuko kutoka Ukerewe si kitu cha kuchezea. Hata hivyo, naomba kipimo cha usikivu kila mwaka, na karatasi ya kipimo cha kwanza baada ya upasuaji itunzwe pamoja na kadi ya bima. Bila karatasi hiyo, daktari atakayekupokea miaka 15 ijayo hatajua kilichoshuka ni pistoni au ni sikio la ndani.