Gari mseto bila waya wa kuchajia

Gari mseto la kuchaji lina injini ya petroli na mota ya umeme, na betri yake unaichomeka ukutani kama simu. Yakijaa chaji, mengi hutembea kilomita 40 hadi 80 bila kugusa petroli. Ndiyo maana vyeti vyake vya matumizi ya mafuta, vinavyotokana na majaribio rasmi, huvutia: lita moja na nusu hivi kwa kilomita 100.

Barabarani hesabu inageuka. Tangu 2021 magari mapya ya Umoja wa Ulaya lazima yawe na mfumo unaorekodi mafuta yanayochomwa kweli. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa matokeo ya magari yaliyosajiliwa 2021. Mseto wa kuchaji ulitoa kwa wastani gramu 139 hivi za hewa ukaa kwa kilomita, ilhali cheti kilisema 40. Ni mara tatu na nusu. Magari ya petroli na dizeli nayo yalizidi vyeti vyao, lakini kwa takriban asilimia 20 tu.

Tatizo liko kwenye kanuni ya kukokotoa takwimu za cheti. Gari lenye uwezo wa kilomita 60 za umeme lilihesabiwa kana kwamba karibu asilimia 80 ya safari zake ni za umeme. Nani huchaji hivyo? Utafiti wa 2022 wa taasisi mbili, ICCT ya usafiri safi na Fraunhofer ISI ya Ujerumani, ulikuta wenye magari binafsi barani Ulaya wakitumia umeme kwa asilimia 45 hadi 49 ya mwendo, na madereva wa magari ya kampuni asilimia 11 hadi 15. Hawa wa kampuni siwashangai. Wamepewa kadi ya mafuta inayolipwa na mwajiri, huku umeme wa nyumbani wakijilipia wenyewe. Ukiwa wewe, ungechomeka? Kuanzia 2025 Ulaya imeanza kubana kanuni hiyo.

Hata anayechaji hakwepi petroli yote. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, au baridi ikiwa kali na kabini ikahitaji joto, injini huwaka. Betri ikiisha, gari linabeba kilo zake za ziada bure.

Kwetu, Mitsubishi Outlander PHEV (PHEV ndiyo mseto wa kuchaji) zilizotumika huja kutoka Japani. Kabla ya kulipa, uliza waya wa kuchajia uko wapi, maana tundu la Kijapani si lile la Ulaya. Jaribu pia kilomita ngapi betri inafika, kwa kuwa hupungua kadiri inavyozeeka. Soketi ya kawaida nyumbani huijaza betri ya kilowati-saa 12 kwa saa tano au sita, yaani usiku mmoja. Kitufe cha kuchaji kwa injini ukiwa njiani kiache: umeme huo unatoka kwenye tangi lako. Kisha jaza tangi, tembea wiki mbili, jaza tena, ugawe lita kwa kilomita, uzidishe kwa 100. Ukipata lita saba au nane kwa kila 100, waya wako umelala kwenye buti.