Elimu kwa umma: Monstera bila jicho haichipui, na bila cheti haivuki mpaka

Malalamiko kuhusu monstera, mmea wa mapambo unaopendwa majumbani kwa majani yake makubwa yenye matundu, yanayofika kwenye dawati la afya ya mimea yameongezeka, na karibu yote ni ya aina mbili. Kuna aliyenunua jani mtandaoni, likakaa kwenye maji miezi bila kutoa jani la pili. Na kuna ambaye kipando chake kimezuiwa mpakani kwa kukosa cheti cha afya ya mimea na sasa anataka kujua amemkosea nani. Hatudhani kuwa kuna mwenye nia mbaya hapo. Watu wameupenda mmea, wameona bei inavutia, wameagiza.

Tuanze na jani. Monstera (Monstera deliciosa) asili yake ni misitu ya mvua kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama, ambako huparamia miti mikubwa. Shina lake lina vifundo, na kwenye kila kifundo kuna jicho; mara nyingi hapohapo hutoka mzizi wa hewani. Chipukizi hutoka kwenye jicho, si kwingineko. Jani lenye kikonyo chake tu linaweza kutoa mizizi, likabaki kijani kwa muda mrefu, lakini mmea halitakuwa. Kabla ya kulipa, omba picha ya sehemu ya chini iliyokatwa. Uone kipande cha shina chenye pete nyembamba inayolizunguka, na karibu na pete hiyo uvimbe mdogo kama chunusi. Muuzaji akikutumia picha ya jani peke yake kwa mara ya tatu, amekwisha kukujibu.

Matunzo ya kawaida mnayajua, sitayarudia. Nigusie tu yale tunayoulizwa kila wiki. Matundu ya majani huja mmea ukikomaa na kupata mwanga wa kutosha. Hujitengeneza jani likiwa bado dogo mno, kabla halijakunjuka. Jani likishafunguka zima, litabaki zima. Ndiyo, tumeulizwa kama inafaa kuyatoboa kwa mkasi. Utapata jani lenye kidonda. Matone kwenye kingo za majani asubuhi si ugonjwa, ni maji ya ziada yanayosukumwa nje na mizizi. Mizizi ya hewani isikatwe: ielekezwe kwenye mti wa kuegemea, kwa kuwa mmea unaopanda hutoa majani makubwa kuliko ule unaotambaa. Majani yanayong'arishwa kwa mafuta ya kupikia hukusanya vumbi tu. Kitambaa chenye unyevu kinatosha, na ukifuta upande wa chini utakutana na wadudu mapema.

Huko chini ya jani ndiko anakoanzia mkaguzi. Michirizi ya rangi ya fedha yenye nukta nyeusi ni dalili ya vithiripi, wadudu wadogo wanaofyonza majani. Utando mwembamba na vidoa vya manjano ni utitiri. Kitu kama pamba kilichojificha pale kikonyo kinapokumbatia shina ni vidung'ata. Udongo ni shida zaidi, maana minyoo fundo, minyoo midogo inayoshambulia mizizi, haionekani kwa macho, na ikishaingia kwenye shamba la mtu kuitoa ni kazi ya miaka. Hivyo nchi nyingi hukataa kabisa mmea wenye udongo wa shambani kwenye mizizi.

Sasa cheti. Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea ulipitishwa mwaka 1951 chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na nchi zaidi ya 180 ni wanachama. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na mamlaka ya nchi mmea unakotoka, baada ya ukaguzi na kabla ya kusafirishwa. Hakitolewi na muuzaji, wala na nchi unakopokelewa, na hakitafutwi baada ya kifurushi kuzuiwa. Huandikwa jina la kibotania, idadi, mahali ulikokuzwa, dawa iliyotumika kama ipo, na tamko la ziada endapo nchi inayopokea imelidai. Kikifutwafutwa bila muhuri wa mtoaji, kinakataliwa. Baadhi ya nchi hudai pia kibali cha kuingiza mimea, nacho hutangulia: kibali kwanza, ukaguzi, cheti, ndipo safari. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti kwa mimea yote hai inayotoka nje, hata ya mkobani. Vilivyosamehewa ni matunda matano tu: nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Monstera haimo.

Kifurushi kisicho na cheti, kulingana na sheria ya nchi husika, hurudishwa kwa gharama ya mhusika, huwekwa karantini au huteketezwa. Faini inaweza kufuata. Kuandika "zawadi" juu ya boksi hakubadilishi kitu. Tafadhali, vithiripi havisomi.

Kwa wenye watoto, paka au mbwa: monstera ina fuwele za kalisi oksaleti, na anayetafuna jani huungua mdomo na koo. Tunda nalo haliliwi likiwa bichi. Subiri magamba yaanze kudondoka yenyewe, na ule sehemu iliyojivua tu.

Aliyekwisha kupokea kipando bila cheti asikioshe na asikitupe jalalani. Akitie kwenye mfuko wa plastiki, aufunge, auweke mbali na mimea mingine, kisha atoe taarifa kwa mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yake. Anayejitokeza mwenyewe kwa kawaida husikilizwa tofauti na anayekamatwa, ingawa hilo siwezi kuliahidi kwa niaba ya mamlaka yoyote. Boksi na lebo ya mtumaji navyo vihifadhiwe, maana bila hivyo hatuwezi kufuatilia kilikotoka.