Shilingi sawa kwa kila mwanafunzi si fursa sawa

Katika kikao kingine cha kamati ya shule hapa Mtwara nimeambiwa tena, kwa sauti ya kufunga mjadala, kwamba usawa katika shule za umma umekwisha kuwekwa na sheria, kwa kuwa ada imefutwa na kila mwanafunzi anatengewa ruzuku ileile. Mimi ni mwanasheria ninayeshauri kamati hizi, na uvumilivu wangu kwa hoja hiyo umefika ukingoni.

Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka Serikali ifanye jitihada ili watu wote wapate fursa sawa ya elimu. Anayeishia hapo hajasoma ibara ya 7(2), inayoziondolea mahakama uwezo wa kutekeleza masharti ya sehemu ya Katiba yenye ibara hiyo ya 11, kwa hiyo mzazi wa Nanyumbu hawezi kushinda kesi kwa kushika ibara ya 11 peke yake. Kufutwa kwa ada nako kulitekelezwa kupitia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na waraka hutenguliwa kwa waraka.

Kinachonikera hasa ni ruzuku. Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika mgawanyo ulioanza mwaka 2016, shilingi 6,000 huingia katika akaunti ya shule na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Tuseme shule ya mjini ina wanafunzi 1,200: itapata shilingi 600,000 kwa mwezi. Shule ya pembezoni mwa Liwale yenye wanafunzi 90 itapata 45,000. Ikishanunua chaki na madaftari ya mahudhurio, ikarudufu mtihani mmoja, na mwalimu mkuu akapanda bodaboda kupeleka taarifa halmashauri, fedha imekwisha na paa linavuja vilevile. Serikali yenyewe inajua kwamba zipo gharama zisizopungua kwa uchache wa watoto, maana posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, shilingi 200,000 kwa mwezi, hailipwi kwa kuhesabu vichwa. Posho hiyo, ambayo simwonei wivu hata kidogo, inazidi mara nne fedha za shule anayoiongoza.

Ndiyo maana napendekeza Sheria ya Elimu, Sura ya 353, itamke kiasi cha msingi kwa kila shule kabla ya kuhesabu wanafunzi, pamoja na nyongeza ya umbali. Suala la walimu wanaoomba uhamisho kabla hawajafungua mabegi linastahili makala yake.

Wenzangu wanataka tuanze na viwango vya chini vya majengo ndani ya sheria. Hapo nasita. Afrika Kusini, ambako haki ya elimu ya msingi hudaiwa mahakamani, ilitunga kanuni za namna hiyo mwaka 2013, na muda uliowekwa wa kuondoa vyoo vya shimo visivyo salama ulipita vikiwa bado vinatumika. Huku kwetu, viwango vikiandikwa bila fungu la fedha na bila kipindi cha mpito, nadhani za kwanza kufungwa zitakuwa shule shikizi, yaani shule ndogo za vijijini zilizo chini ya shule mama, na mtoto wa darasa la kwanza atarudi kuifuata shule mama ya mbali kwa njia wanazopita tembo. Pamoja na hayo, siwezi kumweleza mzazi kwa nini shule yenye chumba kimoja iendelee kuitwa shule, na hoja hiyo ndiyo wanayonibana nayo kila tunapokutana.