Krismasi ya Ulaya si bata mzinga peke yake

Dhana: Krismasi ya Wazungu ni bata mzinga.
Hiyo ni Uingereza hasa, tena hata huko bata bukini na nyama ya ng'ombe vilimtangulia. Bata mzinga ni ndege wa Amerika, aliyefika Ulaya karne ya 16. Nchini Poland mlo mkuu huliwa jioni ya tarehe 24 Desemba, nyota ya kwanza ikishaonekana, na hauna nyama: supu ya bitiruti, samaki, na pierogi, ambazo ni kama sambusa za kuchemsha zenye kabichi na uyoga. Wareno jioni hiyohiyo hupakua samaki mkavu wa chumvi, viazi na kabichi.

Dhana: nyumba yenye mila mbili lazima ipike mara mbili kwa siku moja.
Hapa ndipo watu wanapojichosha bure. Mke akiwa Mpolandi na mume Mwingereza, supu na pierogi ni za jioni ya 24, nyama ya kuoka ni ya mchana wa 25. Pierogi hufinyangwa wiki kadhaa kabla zikagandishwa; siku yenyewe ni kuchemsha tu.

Dhana: chakula chepesi hakifai sikukuu.
Familia nyingi za Kijerumani, hata zenye uwezo, usiku wa 24 hula saladi ya viazi na soseji. Mimi naipenda kuliko ndege yeyote wa kuoka. Chemsha viazi na maganda yake, vimenye vingali moto, vikate vyembamba, kisha vimwagie supu ya nyama ya moto yenye siki, haradali na kitunguu. Kiazi cha moto huinywa supu yote. Kilichopoa huiacha chini ya bakuli. Hayo ni mapishi ya kusini, Bavaria na Swabia. Kaskazini hutia mayonezi.

Dhana: ndege aoshwe kabla ya kuokwa.
Tafadhali usimwoshe. Maji hurusha bakteria kwenye sinki, meza na mboga zilizo karibu, ilhali kinachowaua ni moto. Pima joto kwenye unene wa paja, mbali na mfupa. Likifika nyuzi 74, ameiva. Aliyegandishwa ayeyukie ndani ya friji, saa 10 hadi 12 kwa kila kilo. Wa kilo 5, mtoe kwenye friza tarehe 22 asubuhi.